Pee Hahami

Alikuja Jumatatu, saa nne kasorobo,
barua ameikunja mara nne ndani ya leso,
akaiweka juu ya mashine yangu ya taipu,
hapa Barabara ya Nane, Ngamiani,
ubavuni mwa fundi baiskeli.
"Nisomee. Kwa Kiswahili. Usiruke neno."

Kampuni ya mkonge. Kiingereza kitupu,
mhuri wa zambarau,
sahihi kama unywele ulioanguka.
Nikasoma:
haki ya kukaa kambini ni batili na si kitu;
kila mmoja na kila mkazi
aache na akome,
ahame siku hiyo au kabla yake;
hii ni kauli ya mwisho na ya kukata.

Akanizuia kwa kidole.
"Batili si ndiyo si kitu?"
Ndiyo.
"Na kuacha si ndiko kukoma?"
Ndiko, Bi Mwanamkuu. Ndivyo wanavyoandika.
Kila neno wanalipa mlinzi,
la kwanza ukilikwepa, la pili linakudaka.
"Mh," akasema.
"Mchuuzi akiniapia mara mbili kuwa changu ni wa leo,
mimi humfunua matamvua."

Kisha akavuta kigoda.
"Jibu. Andika nimekataa katakata."

Nikaandika, kwa Kiingereza, nimekataa.
Katakata ikanibakia mdomoni.
Nikiipeleka Ulaya peke yake
watadhani tunazungumzia nyama.

Hakuningoja.
"Andika ile nyumba nimeipaka chokaa mimi, nyeupe pee.
Andika dari la jikoni ni jeusi tii
kwa moshi wa miaka thelathini na moja, niufute kwa nini?
Andika Shekiondo alikuwa akitoka korona
singa zimemganda kwenye nyusi,
hoi bin taabani,
anakula, hasemi,
analala fofofo.
Na siku ile asipoamka,
andika kambi nzima ilikuwa kimya jii,
hata mbuzi."

Nikaondoa mikono kwenye mashine.
Mama, haya hayana Kiingereza.
Maneno yao mawili ni pacha,
mmoja akiugua, mwenziwe anakwenda kazini.
Yetu ni mume na mke.
Pee hajaonekana popote ila kwa nyeupe.
Tii haujui mlango mwingine,
mpe nyekundu, atakuuliza umepotea?

Akaitazama barabara.
Fundi alikuwa akipuliza mpira ndani ya karai,
anatafuta penye kutoboka.
"Na nyeupe akifa?"

Sikuwa na jibu. Mimi natoza kwa ukurasa.
Nikasema, sijui, mama,
sijui pee atakwenda wapi.

"Haendi," akasema. "Atakaa palepale.
Andika hivyo. Pee hahami."

Nikaichomoa karatasi ya Kiingereza,
nikatia mpya, nikaanza upya, kwa lugha yake,
pamoja na mbuzi.
Sasa, herufi F ya mashine yangu
ina wiki mbili haigusi karatasi.
Tulipofika kwa Shekiondo, ikatoka
lala, halafu nafasi, o, nafasi, o, nafasi, o,
kama mtu anayehema.
Nikachukua kalamu nizijaze.
Akaniwahi.

Herufi alizipata darasa la ngumbaru, ukubwani,
si zote, akasema, lakini hii anayo.
Akaandika ya kwanza. Akapumzika.
Ya pili ikainama kidogo.
Ya tatu akaikandamiza mpaka nyuma ya karatasi
unaweza kuisoma kwa kidole.

Nikamtoza nusu bei. Akakataa, akalipa yote.
Akahesabu noti mara moja tu.

Barua nikaipeleka posta kama ilivyo,
Kiswahili, wino wa aina mbili.
Nao huko ofisini watafute mtu awasomee.
Asiruke neno.